Kusahau si kwa namna moja: jinsi vipimo vya utambuzi vinavyotafuta chanzo

Wazee wawili wanaweza kufanyiwa kipimo kilekile cha kumbukumbu, wote wakapata alama 22 kati ya 30, na bado kila mmoja akawa na ugonjwa wake. Kipimo ninachokisema ni MoCA, kilichochapishwa mwaka 2005 na Ziad Nasreddine na wenzake wa Montreal, Kanada. Alama 26 na kuendelea huhesabiwa kuwa za kawaida. Mzee wa kwanza aliambiwa maneno matano, na baada ya dakika chache hakukumbuka hata moja: zikaondoka alama 5. Akakosea tarehe na siku ya wiki, zikaondoka 2. Katika saa aliyochora, mishale haikukaa mahali pake, ikaondoka 1. Mzee wa pili alikumbuka maneno yote matano. Lakini alishindwa kuunganisha namba na herufi kwa zamu, mchemraba wake haukutoka, saa yake ilikosa alama 2, hesabu ya kutoa saba kutoka 100 ilimpotezea 2, kugonga meza kila asikiapo herufi A kulimpotezea 1, na maneno aliyoyataja kwa herufi moja ndani ya dakika nzima hayakutimia. Naye amepoteza 8.

Ukisoma jumla, wako sawa. Ukisoma walipokosea, wa kwanza anakuelekeza kwenye Alzheimer inayoanza, ugonjwa unaokula kumbukumbu polepole, na wa pili anakuelekeza kwenye mishipa midogo ya damu ya ubongo, au kwenye ugonjwa wa vijimwili vya Lewy, yaani vibonge vya protini vinavyojikusanya ndani ya seli za ubongo. Ushauri watakaohitaji si mmoja, na zipo dawa ambazo mmoja anaweza kupewa bila shida kubwa na mwingine zikamlaza kitandani. Ndiyo maana najali sana karatasi ya majibu isomwe yote, mstari kwa mstari.

Wazee kama hawa wanaweza kuambiwa wana upungufu mdogo wa utambuzi, yaani wa kukumbuka, kuzingatia na kufikiri. Hilo ni jina la hali; ugonjwa wenyewe bado haujatajwa. Ronald Petersen na wenzake wa Mayo Clinic nchini Marekani ndio walioipa sura inayojulikana leo, katika makala yao ya mwaka 1999. Mtu analalamika kuwa kumbukumbu imepungua, vipimo vinaonyesha kweli yuko chini ya watu wa umri na elimu kama yake, lakini bado anajimudu: anapika, anahesabu chenji, anakwenda msikitini au kanisani na kurudi mwenyewe. Mkutano wa wataalamu uliofanyika Stockholm mwaka 2003 uliipanua hali hiyo kwa kuuliza maswali mawili: je, kumbukumbu imeguswa au haikuguswa? Na je, lililoguswa ni eneo moja la utambuzi au ni maeneo kadhaa?

Kati ya wanaofika kliniki za kumbukumbu wakiwa na hali hii, takriban 10 hadi 15 kwa kila 100 huingia katika dimensia, yaani kupungukiwa akili hadi kushindwa kujimudu, kila mwaka. Wengine hubaki palepale kwa miaka. Na wapo wanaorudi kuwa sawa kabisa, jambo ambalo familia zilizoshikwa na hofu zinastahili kuambiwa siku ya kwanza. Nani ataangukia kundi lipi hutegemea zaidi kilicholeta hali yenyewe.

Tuanze na kumbukumbu, kwa sababu hapo ndipo utenganishaji ulipoiva zaidi. Kukumbuka neno uliloambiwa nusu saa iliyopita kunahitaji neno hilo liingie, likae, kisha lipatikane linapotakiwa. Ni kama gunia la mahindi ghalani: linaweza kuwa halikuingizwa kabisa, linaweza kuwa liliingizwa likaliwa na panya, au limo ndani na aliyetumwa kulichukua halioni. Kwa aliyekaa nje mlangoni, matokeo ni yaleyale: gunia halikutoka.

Mpimaji hutenganisha hayo matatu kwa mpangilio wa maswali. Katika kipimo cha orodha kinachotokana na kazi ya André Rey, mwanasaikolojia wa Uswisi, mtu husomewa maneno 15 mara tano, na kila mara hutakiwa ataje anayoyakumbuka. Mtu mwenye afya huongeza maneno kila raundi. Kisha husomewa orodha nyingine ya kumvuruga, hupumzishwa kwa dakika 20 hadi 30, na kuulizwa tena orodha ya kwanza. Mwisho huwekewa maneno ya orodha yakiwa yamechanganywa na mageni, achague yaliyokuwemo.

Mtu ambaye Alzheimer inamwanza hujikongoja katika kujifunza, na katika kila raundi hung'ang'ania maneno ya mwisho aliyotoka kuyasikia. Baada ya nusu saa karibu yote yametoweka. Ukimwonyesha maneno yaliyochanganywa, haokoki: anaacha ya kweli na kuyakubali mageni kwa uhakika kabisa. Anaweza hata kutaja neno la orodha ya kuvuruga, au neno ambalo halikutajwa popote. Maneno hayakukaa. Mwenye tatizo la mishipa midogo naye anaweza kutaja maneno matatu tu baada ya nusu saa, na hapo ungesema hali ni ileile. Lakini muonyeshe maneno yaliyochanganywa, na anayachagua karibu yote bila kukosea. Yalikuwemo; njia ya kuyafikia ndiyo iliyoharibika.

Daktari wa neva Herman Buschke aliusogeza mbele utenganishaji huu kwa kipimo cha vidokezo. Mtu huonyeshwa maneno 16, na kabla ya kuyakariri hulazimika kuyatafuta kwa aina yake: hapa lipi ni tunda, ipi ni samani? Kwa njia hiyo mpimaji anajua hakika kuwa neno lilisikika na likazingatiwa. Baadaye, neno lisipokuja lenyewe, anaulizwa: kulikuwa na tunda, ni lipi? Anayeshindwa hata kwa kidokezo kilekile alichokitumia kulijifunza neno, tatizo lake liko kwenye kuhifadhi. Mwaka 2007 daktari wa neva Bruno Dubois wa Ufaransa na wenzake walipopendekeza vigezo vipya vya kuitambua Alzheimer mapema, upungufu usiosaidiwa na vidokezo ndio walioupa uzito.

Sababu iko kwenye ramani ya ubongo. Watafiti wa ubongo Heiko na Eva Braak walionyesha mwaka 1991 kwamba mafundo ya protini ya tau katika Alzheimer kwa kawaida huanza pembezoni mwa hipokampasi kabla ya kusambaa kwingine, na hipokampasi ndiyo inayogeuza tukio la sasa kuwa kumbukumbu ya kudumu. Hilo la mwisho lilifahamika kwa uchungu kupitia Henry Molaison, Mmarekani aliyeondolewa sehemu hiyo pande zote mbili mwaka 1953 ili kutuliza kifafa. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimchunguza kwa miaka mingi: aliongea vizuri, akili yake ilikuwa kali, lakini jambo jipya halikukaa. Mishipa midogo, kwa upande wake, hulisha sana nyaya zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu za ndani. Zikichakaa kwa presha ya miaka, hipokampasi inaweza kuwa nzima huku mawasiliano yakichelewa.

Hata MoCA ina nafasi ya vidokezo, na hapa naomba wahudumu wa afya wanisikilize. Neno lisipokuja, fomu inaruhusu kumpa mzee kidokezo cha aina, kisha maneno matatu achague moja. Jibu la namna hiyo haliongezi kitu kwenye zile alama 30, kwa hiyo wenye haraka huruka hatua hiyo. Lakini ipo namna nyingine ya kuhesabu kumbukumbu peke yake, hadi alama 15, ambapo neno lililokuja lenyewe hupata 3, la kidokezo cha aina 2, la kuchagua 1. Dakika hiyo moja ya ziada inaweza kusema mengi kuliko jumla nzima.

Kwa mishipa ya damu, dalili inayojitokeza mapema ni kupungua kwa kasi. Kuna kipimo cha kuunganisha namba kwa mstari, 1 hadi 25, na sehemu ya pili ya kupokezana namba na herufi: 1, A, 2, B. Mwenye tatizo hili mara nyingi hufika mwisho bila makosa mengi, lakini saa ya mpimaji imekwenda mno. Nyumbani watu husema amekuwa mzito, hana hamu, anajibu baada ya muda, hatua zake zimefupika. Historia ya presha, sukari au kiharusi huongeza uzito. Tahadhari moja tu: kiharusi kidogo kikipiga mahali nyeti, kwa mfano kwenye thalamasi, sehemu iliyo katikati ya ubongo, kinaweza kuiga usahaulifu wa Alzheimer, na tofauti kubwa itakuwa kwamba kilianza siku fulani inayojulikana.

Ugonjwa wa vijimwili vya Lewy ndio ninaouhofia zaidi kukosewa. Kumbukumbu inaweza kuwa nzuri kiasi, lakini macho na mikono havielewani: pembetano mbili zinazokatana hazichoreki, mchemraba unakuwa mistari iliyotawanyika. Mpimaji makini humwambia mzee achore saa kutoka kichwani, kisha humpa saa iliyokwisha kuchorwa ainakili. Saa ya kichwani ikiwa mbaya na ya kunakili ikawa nzuri, shida iko kwenye kupanga au kwenye maana ya saa yenyewe. Zote mbili zikiwa mbaya vilevile, shida iko kwenye kuona nafasi na umbo. Tena mtu huyu hubadilika: Jumatatu yuko timamu, Jumatano hamfahamu aliye mbele yake. Kipimo cha siku moja kinaweza kumpita kabisa. Familia iulizwe kuhusu usingizi, kwa sababu wengi wao huanza kupiga mateke na kupiga kelele wakiigiza ndoto zao, pengine miaka mingi kabla ya dalili nyingine. Waulizwe pia kama mzee huona watoto au wanyama ambao hawapo. Maruweruwe hayo ndiyo humpeleka mtu kuandikiwa haloperido, dawa inayotumika sana kutuliza wagonjwa, na kwa mwenye vijimwili vya Lewy dawa hiyo inaweza kumkakamaza mwili mzima na hata kuhatarisha maisha yake. Mchoro mbovu wa mchemraba, ukisomwa mapema, unaweza kumwepusha na hilo.

Upo ugonjwa wa sehemu ya mbele ya ubongo ambao mara nyingi huanza kabla ya miaka 65, na mwanzoni unaweza kuupita mtihani wa kumbukumbu bila kutikisika. Kinachobadilika ni mtu mwenyewe: mpole anakuwa mkali, mwenye haya anakosa haya, mwenye huruma haguswi tena. Hapo maelezo ya mke, mume au watoto yana thamani kuliko karatasi yoyote.

Sonona ya uzeeni ina namna yake. Mwenye sonona hujibu "sijui" haraka na kuacha, wakati mwenye Alzheimer hujaribu na kubuni. Mwenye sonona analalamikia kumbukumbu kuliko familia inavyolalamika. Kwa Alzheimer mara nyingi ni kinyume. Ukimpa vidokezo na muda, mwenye sonona huinuka. Akitibiwa na kupimwa tena baada ya miezi kadhaa, tofauti huonekana wazi zaidi. Lakini sonona inayompata mtu kwa mara ya kwanza baada ya miaka 60 inaweza pia kuwa ndiyo dalili ya mwanzo ya ugonjwa wa ubongo, kwa hiyo kupimwa tena ni lazima.

Kabla ya yote hayo, kuna vyanzo vinavyotibika ambavyo daktari hatakiwi kuviruka: tezi dundumio ya shingoni iliyolegea, upungufu wa vitamini B12 (na metfomini ya sukari ikitumiwa kwa miaka mingi hushusha vitamini hiyo), pombe, kukoroma kwa kukatika pumzi, kaswende, damu iliyovilia taratibu kichwani baada ya kuanguka. Dawa pia. Piriton, ambayo wengi hununua dukani kwa mafua, amitriptilini ya sonona na diazepamu ya kutuliza wasiwasi, zote huufunika ubongo wa mzee ukungu. Na masikio: asiyesikia neno hawezi kulikumbuka. Haya huonekana kwenye vipimo kama ulegevu wa umakini na kasi, bila ile sura ya maneno kuyeyuka.

Kwa Afrika Mashariki kuna chanzo kingine kinachostahili nafasi yake. VVU huingia kwenye ubongo na kuathiri zaidi sehemu za ndani, kwa hiyo mikono na fikra hupungua kasi kabla ya kumbukumbu kupotea. Kipimo kifupi cha kuibua hali hii kilichapishwa mwaka 2005 na Ned Sacktor na wenzake baada ya kujaribiwa Baltimore na Kampala. Hakihitaji kalamu ya mgonjwa wala shule. Mtu hugonganisha gumba na kidole cha shahada haraka awezavyo kwa sekunde tano, hufuatisha mkono katika mpangilio wa ngumi, kiganja na ubavu, zoezi linalotokana na Alexander Luria wa Umoja wa Kisovieti, kisha hukumbuka maneno manne. Neno lililokuja kwa kidokezo hupewa nusu alama. Jumla ni 12, na anayepata 10 au chini yake anahitaji uchunguzi zaidi. Tangu ARV zienee, hali kali imepungua sana na hali nyepesi ndiyo iliyobaki. Wanaoishi na VVU sasa wanafika miaka 60 na 70 wakiwa pia na presha na sukari, kwa hiyo kuwatenganishia vyanzo kunataka subira kuliko zamani.

Sasa tuseme juu ya kipimo chenyewe kinapokuwa ndicho kilichokosea. MoCA humwongezea alama moja mtu aliyesoma miaka 12 au pungufu. Kwa bibi aliyeishia darasa la nne, au ambaye hakuwahi kushika penseli, alama moja ni nini? Atashindwa mchemraba kwa sababu hajawahi kuchora mchemraba.

Tazama pia saa. Fomu inataka mishale ionyeshe wa saa ukiwa kwenye 11 na wa dakika kwenye 2. Muuguzi akitafsiri papo hapo na kumwambia mzee wa Tanga achore saa kumi na moja na dakika kumi, mzee ataweka mshale mfupi kwenye 5, kwa sababu hiyo ndiyo saa kumi na moja aliyoijua tangu utoto. Amejibu sawasawa, na anaandikiwa kosa. Akiambiwa saa tano na dakika kumi, kazi inakuwa nyingine, kwani anatakiwa asikie tano na kuweka mshale kwenye 11.

Au chukua zoezi la kutaja maneno kwa herufi. Wataalamu hulilinganisha na la kutaja wanyama kwa dakika moja: katika Alzheimer wanyama hupungua kuliko herufi, kwa sababu hazina ya maana imeguswa, na katika tatizo la mishipa yote mawili hushuka, au herufi zaidi. Lakini ukimpa Mswahili herufi K, anaweza kusema kula, kulala, kuimba, kucheka mpaka dakika iishe, na ukimpa M anayo mikoko, miti, mjenzi, mkulima na wenzao wote. Herufi hizo hazipimi kile kinachopimwa kwa F ya Kiingereza. Hata kwa wanyama, ni lazima kukubaliana mapema kama ndege na samaki wanahesabika, la sivyo mvuvi wa Pemba atanyimwa utajiri wake wote.

Kazi nzuri ya kurekebisha mambo haya imefanyika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Uchunguzi wa huko uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta dimensia kwa asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na kuendelea, na kutoka hapo kikatungwa kipimo kinachoitwa IDEA kwa ajili ya wazee wasio na elimu kubwa ya shule. Ndani yake kuna kueleza daraja ni nini, kutaja wanyama, kukumbuka orodha ya maneno, na kupanga njiti za kiberiti kufuata umbo badala ya kuchora. Kilitungwa kuibua dimensia, kwa hiyo hakitoshi kutenganisha vyanzo vya upungufu mdogo. Lakini kimethibitisha kuwa umbo na nafasi vinaweza kupimwa bila penseli, na ningependa sana kuona vipimo vya vidokezo vikifuata njia hiyohiyo kwa Kiswahili, vikiwa na viwango vya watu wetu wenyewe.

Vipimo hivi vina ukomo. Vinaonyesha ni mtandao upi wa ubongo unaosumbuka, bila kuona protini iliyousumbua. Mwaka 2019 wataalamu walieleza kwa jina la LATE ugonjwa wa protini ya TDP-43 ambao baada ya miaka 80 huiga usahaulifu wa Alzheimer karibu kila hatua. Tena ubongo wa mtu wa miaka 85 mara nyingi una magonjwa mawili au matatu kwa pamoja. Vipimo vya damu vya protini ya tau vimeanza kuingia kliniki katika nchi tajiri, na vinahitajika huko kwa sababu dawa za Alzheimer kama lekanemabu, iliyoidhinishwa kikamilifu Marekani mwaka 2023, hupewa tu waliothibitika kuwa na amiloidi, protini nyingine inayojikusanya ubongoni katika Alzheimer, wakiwa bado katika hatua ya mwanzo. Hata hivyo amiloidi hupatikana pia kwa wazee wengi ambao akili zao hazina shida yoyote. Ikionekana, bado utauliza kama ndiyo inayomsumbua huyu aliye mbele yako, na sura ya makosa yake ndiyo itakayosaidia kujibu.

Anayempeleka mzazi kupimwa abebe miwani yake, kifaa cha masikio kama anacho, na dawa zote zikiwa kwenye paketi zake, pamoja na zile za dukani. Aende na mtu anayeishi na mzee, si yule aliyekuja jana kutoka mjini. Kipimo kisifanywe wakati mzee ana homa au maambukizi, au hakulala. Kirudiwe baada ya miezi 6 hadi 12, kwa orodha tofauti ya maneno. Mtu wa kawaida hupanda kidogo mara ya pili kwa kuzoea, na kutopanda nako ni taarifa. Majibu yakitoka, mpimaji aulizwe maswali haya: alipopewa vidokezo, maneno yalirudi au hayakurudi? Alipotea kwenye kasi au kwenye makosa? Saa ya kunakili ilikuwaje? Na amelinganishwa na watu wa elimu ipi?